Kufunga, Kunawa au Kuchanja: Mizani ya Familia Wakati wa Maradhi

Uviko-19 ulipoingia Afrika Mashariki Machi 2020, nchi jirani hazikufuata njia moja. Rwanda iliwaamuru raia wabaki majumbani. Kenya iliweka amri ya kutotoka nje usiku, na Mei ikazuia watu kuingia na kutoka Eastleigh na Mji wa Kale wa Mombasa. Tanzania ilifunga shule na vyuo, ikaacha misikiti, makanisa na masoko wazi.

Tukiitazama Kariakoo, tunauona ugumu wa kuchagua. Mchukuzi wa mizigo, machinga na mama lishe hula walichopata siku hiyohiyo. Kuwafungia ndani bila posho ni kuwatoa kwenye maradhi na kuwatia kwenye njaa. Kwa hilo, kuacha soko wazi kulikuwa na huruma. Lakini sokoni humo watu hubanana mabega, na nyumba nyingi za kupanga, zenye ua mmoja na choo kimoja, hazina pa kumtenga mgonjwa. Ndoo ya maji na sabuni mlangoni mwa duka ilisafisha mikono, haikuzuia pumzi. Pumzi huhitaji barakoa, nafasi na madirisha wazi.

Upungufu mkubwa zaidi, kwa maoni yetu, ulikuwa wa habari. Mwanzoni mwa Mei 2020, wagonjwa 509 na vifo 21 vikiwa vimerekodiwa, utoaji wa takwimu ulisita hadi mwaka uliofuata. Familia isiyojua ukubwa wa hatari itaamuaje kama babu aende msikitini au aswali nyumbani? Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua chanjo 28 Julai 2021, naye akiwa wa kwanza kuchanjwa, shaka ilikuwa imekwisha kuota mizizi.

Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.), akiwa njiani kwenda Sham, alipata habari ya tauni. Aliwashauri Muhajirina, Ansari na wazee wa Kikureshi, kisha akarejea Madina, wala hakuona kuwa kujihadhari kunapingana na kadari. Habari ilitangulia, shura ikafuata, ndipo ukaja uamuzi.

Nasi tuanzie majumbani, wakati wa afya. Tukubaliane mgonjwa atalala wapi, nani atamhudumia na wazee watakingwaje. Misikiti nayo itenge fungu la sadaka kwa jirani atakayelazimika kubaki ndani, kwani anayeambiwa asitoke ni lazima ajue watoto wake watakula nini.