Vizibo vya soda, lugha ya kinyume na hisabati ya mtoto mdogo

KATIKA nyumba nyingi za mijini, jioni ya mtoto wa chekechea hufanana. Begi hutupwa kwenye kochi, daftari hutolewa, na mtoto huanza kuimba moja hadi mia moja huku macho yake yakiwa kwenye televisheni. Mzazi hufurahi. Lakini mtoto huyo huyo akiulizwa ni namba gani inayotangulia 17, aghalabu hulazimika kurudi kuanzia moja, mithili ya mtu aliyekatizwa katikati ya wimbo.

Matokeo ya mbali ya hali hiyo yanafahamika. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2022 hapa Tanzania, waliofaulu Hisabati walikuwa takriban mtahiniwa mmoja kati ya watano. Sababu ni nyingi, zikiwamo uhaba wa walimu na msongamano madarasani, na si zote zilizo mikononi mwa mzazi. Iliyo mikononi mwake ni moja: mtoto hufundishwa majina ya namba kabla hajazoea kutafuta kanuni inayoziongoza.

Kutafuta kanuni hakuhitaji namba hata kidogo. Huko Tennessee, Marekani, Bethany Rittle-Johnson na wenzake waliwafuatilia watoto zaidi ya 500 wa familia zenye kipato kidogo, tangu wakiwa na umri wa miaka minne hadi 11. Katika ripoti yao ya mwaka 2017 walionyesha kuwa uwezo wa mtoto mdogo wa kutambua mpangilio unaojirudia ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoashiria jinsi atakavyofanya katika hisabati miaka mingi baadaye.

Mpangilio wa namna hiyo waweza kuanza na vizibo vya soda. Panga mezani nyekundu, nyekundu, nyeupe. Kisha rudia, na urudie tena. Wazazi wengi hukosea hapa kwa haraka: hupanga vizibo viwili au vitatu tu na kudai jibu. Sehemu inayojirudia isipoonekana angalau mara mbili, mtoto hana cha kugundua, hubaki kubahatisha.

Swali la "kipi kinafuata?" ni la mwanzo tu. Mwambie mtoto atenge kwa kidole sehemu inayojirudia. Mwambie aigeuze kuwa sauti: makofi mawili, kisha kukanyaga chini mara moja. Mtoto anayeweza kufanya hivyo ameelewa kwamba rangi si hoja, hoja ni utaratibu. Akishazoea, muulize kizibo cha kumi kitakuwa na rangi gani, akiwa bado hajakipanga. Atahesabu kwa vidole, na baada ya siku chache ataanza kusema mwenyewe kwamba nyeupe huangukia cha tatu, cha sita, cha tisa na cha 12. Hiyo ni jedwali ya tatu, na hakuna aliyemwimbisha.

Zipo nyakati ambapo jibu la mtoto hutofautiana na la mzazi. Andika 1, 2, 4 na uulize namba inayofuata. Mzazi anatarajia nane, kwa kuwa kila namba imezidishwa kwa mbili. Mtoto akisema saba, asikemewe kabla hajaulizwa amefikaje huko. Huenda ameona kuwa kwanza imeongezwa moja, halafu mbili, kwa hiyo sasa ni zamu ya tatu. Majibu yote mawili yana kanuni, na yote ni sahihi. Mwandishi wa makala haya anakumbuka vyema kiboko alichopata darasa la pili kwa jibu ambalo hakuna aliyetaka kusikia sababu yake. Jibu lenyewe limeshasahaulika, kiboko hakijasahaulika.

Baada ya vizibo, hazina kubwa zaidi imo katika lugha yenyewe. Wengi waliokulia Pwani wanaifahamu lugha ya kinyume, ambayo watoto huitumia ili wakubwa wasielewe. Si jambo jipya. Mmisionari Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu, aliiweka mifano yake katika kitabu kilichochapishwa London mwaka 1870. Kanuni yake ni nyepesi: silabi ya mwisho huhamia mwanzo wa neno. Dawa huwa wada, kalamu huwa mukala.

Kiswahili kinaufaa sana mchezo huu kwa sababu silabi zake huhesabika bila utata, ili mradi mtoto akumbuke kwamba nyumba ni nyu-mba, na kwamba M ya mtoto hujitegemea. Mara nyingine neno linalozaliwa nalo lina maana. Lima hugeuka mali. Tatu hugeuka tuta, jambo linalowachekesha sana watoto wanaosafiri kwa daladala, na nane hugeuka nena.

Sasa mwombe mtoto aendelee kugeuza neno lile lile. Kalamu huwa mukala, mukala huwa lamuka, na lamuka hurudi kuwa kalamu. Silabi tatu, mageuzo matatu. Kiberiti, chenye silabi nne, huhitaji mageuzo manne: tikiberi, ritikibe, beritiki, kiberiti. Mtoto atatangaza kwa fahari kuwa ameipata kanuni: idadi ya silabi ndiyo idadi ya mageuzo.

Mwache aamini kwa siku moja au mbili, kisha mpe neno polepole. Lina silabi nne, lakini likishakuwa lepolepo, geuzo la pili tu linalirudisha nyumbani. Harakaharaka ina silabi sita na hurejea baada ya mageuzo matatu. Baba halibadiliki hata kidogo. Kwa nini? Mtoto wa miaka saba anaweza kuligundua hilo bila msaada, kwa kuwa ameshakutana nalo kwenye vizibo: ndani ya neno mna sehemu inayojirudia, na urefu wa sehemu hiyo ndio unaotawala. Hisabati ya vyuo vikuu ina tawi zima linalochunguza mageuzo ya aina hii.

Kwa mtoto aliyeanza kusoma, upo msimbo wa irabu. Irabu zetu ni tano tu, na karibu kila silabi ya Kiswahili huishia na mojawapo. A iwe 1, E iwe 2, I iwe 3, O iwe 4 na U iwe 5. Hivyo, "nenda sokoni" huandikwa n2nd1 s4k4n3.

Akichoka na tarakimu, sogeza kila irabu hatua moja mbele: A iwe E, E iwe I, I iwe O, O iwe U. Na U? Haina pa kwenda, kwa hiyo inarudi kwa A, kama vile saa inavyotoka 12 na kurudi moja. Julius Caesar wa Roma ya kale alificha barua zake kwa njia ya aina hiyo, akisogeza kila herufi hatua tatu. Kwa hatua yetu moja, kuku huwa kaka na simu huwa soma. Wazazi wenye watoto wasiobanduka kwenye simu watalipenda hilo la pili.

Dakika kumi kwa siku zinatosha, na ni vema mchezo ukomeshwe mtoto akiwa bado anautaka. Aidha, mtoto apewe nafasi ya kumtungia mzazi fumbo, kwani anayetunga hulazimika kuijua kanuni kuliko anayefumbua.

Nyumbani kwa mwandishi wa makala haya, wiki iliyopita kilikutwa kikaratasi kwenye mlango wa friji: n1t1k1 m11nd1z3. Ubishi ulizuka mezani kama hiyo 11 isomwe kumi na moja au A mbili. Mwenye kikaratasi, mwenye umri wa miaka sita, hakuona sababu ya ubishi. "Irabu ya kumi na moja haipo," alisema, akaendelea kuyasubiri maandazi yake.