Whisky ya toleo dogo: umri wa pipa na mtaji wa dukani

CHUPA moja ya whisky ya Macallan iliyokenekwa mwaka 1926 iliuzwa kwa zaidi ya pauni milioni 2 za Uingereza katika mnada wa Sotheby's, London, Novemba 2023. Whisky hiyo ilikaa kwenye pipa miaka 60, na mwaka 1986 pipa hilo lilitoa chupa 40 tu.

Bei za namna hiyo ndizo zinazowafanya wenye mitaji midogo wajiulize kama chupa ya "toleo dogo" inaweza kuwa akiba. Kwa mfanyabiashara wa Igogo, jijini Mwanza, swali hilo si la anasa. Fedha iliyofungwa kwenye rafu ndiyo hiyo hiyo inayotakiwa kununua mzigo wa wiki ijayo.

Bei inatoka wapi

Whisky ya aina ya single malt hutengenezwa kwa shayiri iliyooteshwa na kukaushwa, ikakenekwa katika mitungi ya shaba ya kiwanda kimoja. Sheria ya Scotland inataka ikae kwenye mapipa ya mwaloni kwa muda usiopungua miaka mitatu, na iingie kwenye chupa ikiwa na kilevi cha asilimia 40 au zaidi. Umri unaoandikwa kwenye lebo ni ule wa whisky changa kuliko zote zilizochanganywa humo.

Katika miaka hiyo yote pipa huvuja kwa njia ya mvuke. Huko Scotland hukadiriwa kwamba asilimia 2 hivi hupotea kila mwaka. Kwa kiwango hicho, pipa la lita 200 hubaki na lita 157 hivi baada ya miaka 12, na lita 139 baada ya miaka 18. Ukiongeza kodi ya ghala, bima na faida ya fedha iliyolala, ndipo unapoona kwa nini whisky ya umri mkubwa ni ghali hata kabla ya kusifiwa na mtu yeyote.

Katika nchi za joto hasara ni kubwa zaidi. Kiwanda cha Amrut cha Bangalore, India, kilichoingiza single malt yake katika soko la Uingereza mwaka 2004, hupoteza zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Whisky huiva haraka huko, lakini pipa nalo hukauka haraka. Yeyote anayeota kuweka mapipa kandokando ya Ziwa Victoria angeanza na hesabu hiyo.

Urithi wa hapa kwetu

Vinywaji vikali vya Afrika Mashariki vilijengwa kwa hesabu tofauti. Konyagi ya Tanzania Distilleries Limited (TDL), Dar es Salaam, ipo sokoni tangu miaka ya 1970. Hutokana na molasi ya miwa na haihitaji kulala kwenye pipa kwa miaka. Ng'ambo ya ziwa, Uganda Waragi hutokana na ulezi na hukenekwa mara tatu. Historia yake ilianza na sheria ya enguli ya mwaka 1965, iliyowataka wapikaji wa pombe ya kienyeji wawe na leseni na wauze kinywaji chao kiwandani kikasafishwe.

Kwa hiyo urithi wa vinywaji hivi hauko katika umri wa pipa. Uko katika jina ambalo mlaji analijua, ujazo anaoumudu na usafirishaji unaofika hadi duka la mwisho. Hapo ndipo eneo kama Igogo linapopata nafasi yake, likiwa kati ya reli, Barabara ya Kenyatta na Bandari ya Mwanza Kusini, ambako meli ya MV Umoja hupakia mabehewa ya kwenda Port Bell, Uganda.

Lakini mzunguko wa haraka nao una hatari yake. Februari 2017 Serikali ilitangaza kwamba kuanzia Machi 1 mwaka huo pombe kali ya vifuko vya plastiki, maarufu kama viroba, isitengenezwe wala kuuzwa. Aliyekuwa na mzigo mkubwa ghalani alibaki na siku chache tu za kuumaliza. Kenya ilikwisha kupiga marufuku vifuko hivyo mwaka 2004, na Uganda ilifuata mwaka 2019. Aliyefuatilia habari za jirani alikuwa na dalili mapema.

Chupa au hisa

Mwekezaji mdogo anayependa biashara hii ana njia nyingine. TDL ni kampuni tanzu ya Tanzania Breweries (TBL), ambayo hisa zake ziliorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 1998. Hisa inaweza kulipa gawio. Chupa hailipi kitu mpaka siku inapouzwa. Isitoshe, whisky ikishaingia kwenye chupa haizeeki tena. Kinachopanda, kama kinapanda, ni uhaba wake tu. Hata uhaba huo una kikomo: baada ya kilele cha mwaka 2022, bei za mnada za whisky nyingi ziliteremka.

Si kila "toleo dogo" ni haba pia. Chupa 40 ni chache. Chupa elfu kadhaa zenye sanduku zuri ni bidhaa ya kawaida iliyovalishwa koti. Mnunuzi aulize idadi iliyotolewa, umri ulioandikwa, na kama kuna mnada unaoipokea chupa hiyo. Mnada ukiwa London, gharama za usafiri, bima na kamisheni hutangulia faida.

Kwa anayeuza dukani, jambo la kwanza ni stempu. Tangu Januari 2019 chupa za pombe kali hubeba stempu ya kielektroniki ya Mamlaka ya Mapato (TRA), na inaweza kukaguliwa kwa simu kupitia programu ya Hakiki Stempu. Chupa ya bei kubwa isiyo na stempu halali si akiba. Ni mzigo unaoweza kukamatwa.

Duka lenye wateja wa hoteli na watalii laweza kuweka chupa mbili tatu za single malt kwa oda iliyolipiwa sehemu. Zaidi ya hapo, mtaji wa duka dogo hauna miaka 12 ya kusubiri.