UFIZI UTOKAO DAMU, NA TIBA YAKE

Wenzangu, nataka kuwaeleza habari za ugonjwa ambao wengi wetu twaudharau, nami niliudharau vile vile. Mwaka jana kila nilipopiga mswaki nilitema mate yenye damu. Nikadhani mswaki ndio unaonijeruhi, basi nikauacha. Baba alipojua hakunigombeza, bali alifungua kinywa akanionyesha mahali palipokuwa na meno yake manne ya mbele. "Hayakuniuma hata siku moja," akasema. "Yalilegea tu kama vigingi mchangani." Kesho yake alinipeleka kwa daktari wa meno.

Ugonjwa huu huanza hivi. Kila siku vijidudu hujenga utando laini juu ya meno, uitwao ukoga. Usipoondolewa, hushika madini yaliyomo katika mate ukawa mgumu kama jiwe. Huo ndio ugaga, na mswaki hauwezi kuubandua. Mwili hupigana na vijidudu hivyo, na kwa ajili ya vita hiyo ufizi huvimba, huwa mwekundu na hutoka damu. Hatua hii ya kwanza hupona kabisa. Lakini ikiachwa, huenda ufizi ukaachana na jino na kufanya kimfuko, na mfupa unaoshika jino ukaliwa pole pole. Mfupa ukishaliwa haurudi wenyewe. Na ubaya wake ni kwamba mara nyingi hakuna maumivu.

Daktari alinipima kwa kijiti chembamba cha chuma chenye alama. Kimfuko cha milimita 1 hadi 3 ni cha kawaida; kikizidi hapo ni dalili ya hatari. Changu hakikuzidi 3. Nilikuwa ningali katika hatua ya kwanza.

Sasa nitaeleza tiba. Ya kwanza, na iliyo msingi wa zote, ni kukwangua ugaga. Ukiwa umeshuka chini ya ufizi, mgonjwa hupigwa sindano ya ganzi na mizizi ya meno husafishwa, kisha baada ya miezi michache hupimwa tena. Ya pili ni dawa ya kusukutua, kama klorheksidini. Hii hutumiwa kwa muda mfupi tu, maana ikizidi hutia meno rangi ya kahawia. Ya tatu ni vidonge vya kuua vijidudu. Hivi hupewa wagonjwa wachache, kwa shauri la daktari, wala havitoshi peke yake, kwa kuwa haviondoi ugaga. Ya nne ni upasuaji: ufizi hufunuliwa, mizizi husafishwa, kisha hushonwa. Kung'oa jino ni jambo la mwisho.

Wengine hutegemea maji ya chumvi. Hayo hutuliza ufizi, lakini ugaga hubaki pale pale. Tena damu ya ufizi yaweza kutokana na sababu nyingine, kama ukosefu wa vitamini C, ambayo hupatikana katika machungwa, mapera na mboga za majani. Wenye kisukari na wavutao tumbaku wamo katika hatari zaidi. Na mvutaji asijisifu kwamba ufizi wake hautoki damu, kwa sababu tumbaku huificha dalili hiyo huku ugonjwa ukiendelea.

Mimi nilikwanguliwa ugaga siku ile ile. Kisha nikaagizwa kupiga mswaki laini mara mbili kila siku, dakika mbili kila mara, kwa dawa yenye floridi, na kusafisha katikati ya meno kwa uzi. Siku za kwanza damu ilitoka, lakini sikuacha. Baada ya wiki mbili ilikoma.

Basi, ndugu zangu, ukiona damu usiuache mswaki; sugua taratibu, kisha nenda ukapimwe. Nanyi wazazi mnaosoma gazeti hili, jino likitikisika msingoje lianguke, maana ugonjwa waweza kuzuiwa hata katika hatua hiyo. Baba naye alitibiwa, na meno yake yaliyosalia yamesimama. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ukuta wa mfupa wa taya haujengwi kwa urahisi. Afadhali tuzibe ufa.