Mgonjwa wa Akili na Jirani Zake

Mtu akivunjika mguu jirani zake humjia kumpa pole. Humletea uji na kuwaangalia wanawe. Lakini mtu huyo huyo akiugua akili, jirani humkimbia. Naye apatapo nafuu akarudi nyumbani, hukuta jina la mwenda wazimu lamngoja mlangoni: kazi hapewi, mke hapati, na neno lake barazani halisikiwi. Basi ana magonjwa mawili. La akili hutibiwa na daktari. La kutengwa twampa sisi wenyewe.

Madaktari nao hawaepuki lawama. Zamani waliwaweka wagonjwa hawa katika nyumba zilizofungwa, mbali na watu. Nairobi ilipata nyumba ya namna hiyo mwaka 1910, ambayo baadaye iliitwa hospitali ya Mathari. Mtu akikaa ndani ya ukuta miaka mingi, ndugu zake huzoea kuishi bila yeye. Hata akipona, hana pa kurudia.

Tabibu mmoja wa Kiafrika aliitafuta njia nyingine. Jina lake ni Thomas Adeoye Lambo, mzaliwa wa Abeokuta katika nchi ya Nigeria. Alisomea udaktari Birmingham, Uingereza, kisha akarudi kwao kuiongoza hospitali ya Aro. Mwaka 1954 majengo ya hospitali yalikuwa hayajakwisha. Yeye hakungoja kuta zisimame, bali alipatana na wenyeji wa vijiji vya jirani wawapangishe wagonjwa vyumba kwa malipo. Tena mgonjwa hakuja peke yake. Alifuatana na ndugu yake wa kumpikia na kumtunza. Asubuhi wagonjwa walikwenda hospitali kutibiwa. Baada ya hapo walirudi kijijini, wakakaa na kufanya kazi pamoja na watu wengine. Waganga wa kienyeji pia walishirikishwa, kwa kuwa walizijua mila za watu.

Faida yake ilikuwa nini? Mgonjwa hakusahau desturi za kuishi na watu. Ndugu yake alijifunza kumwuguza. Mwenyeji naye, aliyeonana na mgonjwa kila siku, alimjua kwa jina lake, si kwa ugonjwa wake. Nchi nyingine zilijifunza kwa Aro, na Tanzania nayo baadaye ilikuwa na vijiji vya ukulima kwa wagonjwa wa akili.

Hatusemi kwamba dawa hazina kazi, wala kwamba hospitali zifungwe. Twasema hivi: daktari asidhani kazi yake imekwisha mgonjwa avukapo lango. Na aulize, "Huyu atalala wapi? Nani atakula naye?" Nasi tulio jirani, siku atakaporudi, tumwamkie, tumpe jembe, tumwite shaurini. Wazee walisema, mtu ni watu. Anyimwaye watu hawezi kupona sawasawa.