Mfanyakazi Hahitaji Mshahara Pekee

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutuzwa. Methali hii imekuwa ikinijia kila nisikiapo wakubwa wa kazi wakilalama kwamba walio chini yao ni wazembe.

Katika chuo kimoja nilichowahi kufundisha palikuwa na tarishi aliyekaribia kustaafu. Wahadhiri, nikiwemo mimi ambaye umri wangu ulilingana na wa wanawe, tulimwita "kijana". Kijana, peleka barua hii. Kijana, tuletee chai. Naye alikuwa hodari wa kutoweka. Barua ya kwenda jengo la pili ilimchukua asubuhi nzima, nasi tukasema hana maadili ya kazi.

Kisha idara ikapata mwenyekiti mpya. Bibi huyo hakuwa na uwezo wa kumwongezea tarishi hata senti moja. Alilofanya ni kumwita Mzee, tena mbele yetu sote, na kumkabidhi ufunguo wa chumba cha majalada ya zamani, ambayo hakuna aliyeyajua kama yeye. Muhula haukwisha kabla majalada hayajapangwa mwaka kwa mwaka, na barua zikawa zinafika mapema kuliko chai ya saa nne.

Mimi ni mtu wa isimu, na pengine ndiyo sababu neno lile "kijana" lilinikaa moyoni kwa haya. Ni ndugu yake "boi" wa enzi ya mkoloni, jina lililomwandama mtumishi hata alipoota mvi. Ajabu ni kwamba Kiswahili chenyewe kina adabu yake: umkutapo mtu akilima, humwambia "pole na kazi" kabla ya kutaja haja iliyokuleta. Adabu hiyo huachwa langoni mwa ofisi.

Mwaka 1959 mwanasaikolojia wa Marekani, Frederick Herzberg, na wenzake walichapisha matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa Pittsburgh. Yaliyowapa watu hao ari yalikuwa ufanisi, kutambuliwa na kupewa wajibu. Mshahara ulitajwa zaidi palipokuwa na manung'uniko. Hapa kwetu, Sheria ya Ajira ya 2007 humlazimu mwajiri kumpa anayeondoka cheti cha utumishi, lakini haimlazimu kuandika neno lolote kuhusu tabia au utendaji wake. Sifa imeachiwa hiari ya mtu, nao wengi wetu ni wachoyo.

Hata hivyo, waajiri wasinielewe visivyo. Mwaka uliofuata mishahara yetu ilichelewa kwa majuma kadhaa, na wakuu wa chuo wakaona vyema kutugawia vyeti vya shukrani vyenye nembo ya dhahabu. Mzee alikipokea chake kwa mikono miwili, akakisoma hadi mwisho, kisha akaniuliza kwa upole iwapo mwenye duka angekubali kukipokea badala ya unga.