Macho yakizima ghafla, usikimbilie kusema umerogwa

Yapo maradhi ambayo hayana kidonda, hayana homa wala hayaonekani kwenye kipimo cha malaria, lakini humlaza mtu mzima chini siku nzima. Mojawapo ni kipandauso, ambacho madaktari wetu hapa Kigali hukiita migrene. Wengi tunakifahamu kama maumivu makali ya upande mmoja wa kichwa. Tusichokifahamu wengi ni kwamba kwa baadhi ya watu maumivu hayo hutanguliwa na vituko vya macho. Vituko hivyo, kuliko maumivu yenyewe, ndivyo vinavyowatia watu hofu, vinavyowapeleka kwa waganga na wakati mwingine vinavyovunja udugu.

Nayaandika haya kwa kuwa yalinipata mwenyewe nikiwa nimeshapita miaka 40, bila kuwahi kuumwa kichwa cha namna hiyo maishani.

Kiwi cha nusu saa

Ilikuwa saa nne asubuhi, nikiwa katika chumba cha walimu nikisahihisha madaftari ya wanafunzi. Nilifika kwenye neno "Rwanda" nikaona herufi mbili za mwanzo na moja ya mwisho. Katikati palikuwa hapana kitu. Hapakuwa na giza wala ukungu, bali pengo tu, kana kwamba mtu amefuta kwa dasta. Nilifikicha macho. Pengo likabaki pale pale.

Baada ya dakika chache pembeni mwa pengo lile palichomoza mstari wa mwanga uliokunjika kama meno ya msumeno, ukimetameta mfano wa bati jipya juani. Ukapanuka polepole ukielekea kushoto, ukawa kama mwezi mchanga. Nilifumba macho, bado nikauona. Nilifunika jicho la kushoto, nikauona. Nikafunika la kulia, nikauona vile vile.

Wazo la kwanza lililonijia lilikuwa kiharusi. La pili lilikuwa upofu, na mwalimu asiyeona ubao atakula nini na wanawe? Mwalimu mwenzangu aliyewahi kuhudhuria mafunzo ya huduma ya kwanza alinikalisha chini, akaniambia nitabasamu, ninyanyue mikono yote miwili na kutaja jina langu na siku ya leo. Vyote niliviweza. Hata hivyo hakuniacha nikae. Alinipeleka kituo cha afya kwa teksi, si kwa pikipiki, maana hakutaka nianguke njiani.

Ule mwanga ulidumu takriban nusu saa ukatoweka, macho yakawa safi kabisa. Ndipo kichwa kilipoanza kugonga upande wa kulia, kikifuata mapigo ya moyo, pamoja na kichefuchefu. Jua la mchana likawa kama sindano.

Watu walinena mengi siku ile. Mmoja alisema ni malaria imepanda kichwani. Mwingine aliuliza nimekula kwa nani. Wa tatu alinong'ona neno ihahamuka, ambalo hapa kwetu hulitumia kwa watu wanaorudiwa na kumbukumbu za mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 dhidi ya Watutsi. Majeraha ya moyo ni ya kweli, yapo na yana matibabu yake. Lakini si kila kichwa kinachouma Rwanda kinauma kwa sababu hiyo, na kumwekea mgonjwa jibu kabla ya kumpima ni kumnyima tiba.

Kituoni walinipima shinikizo la damu, sukari na malaria, kisha wakaniandikia barua ya kwenda hospitali. Daktari wa hospitali alinichunguza macho, nguvu za mikono na miguu, na mwendo. Alinieleza kwamba kwa mtu wa umri wangu ambaye hali hii inamjia kwa mara ya kwanza, ni lazima kwanza kiharusi na maradhi mengine yaondolewe katika hesabu. Alipomaliza ndipo alipolitaja jina: migrene yenye dalili za macho.

Jina hilo lilinirudisha Karagwe, Tanzania, nilikosomea wakati wazazi wetu walipokuwa wakimbizi. Mama yangu alikuwa na siku zake za kujifunga kitambaa kichwani na kulala chumba chenye giza, na majirani wa Kitanzania wakisema ana kipandauso. Daktari alitikisa kichwa kukubali. Maradhi haya hutembea katika koo. Nasi tunaosema Kiswahili tulikuwa na jina lake siku zote.

Wimbi ndani ya ubongo

Kinachotokea ni nini hasa? Jambo la kwanza la kushika ni kwamba tatizo haliko kwenye jicho, liko kwenye ubongo. Ndiyo maana ukifunika jicho moja mwanga hauondoki. Sehemu ya ubongo inayopokea picha kutoka kwenye macho iko kisogoni, na huko ndiko hitilafu inakoanzia.

Wataalamu wamelifuatilia jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1870 daktari wa Kiingereza, Hubert Airy, alichapisha michoro ya vituko vya macho yake mwenyewe, na ile mistari ya meno ya msumeno aliyoichora inafanana na ile niliyoiona mimi. Mwaka 1941 Mmarekani Karl Lashley, naye akiwa mgonjwa wa hali hiyo, alipima jinsi pengo lake lilivyokuwa likipanuka, akapiga hesabu kwamba kitu fulani kinatembea juu ya ubongo kwa mwendo wa milimita 3 hivi kwa dakika. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1944, Mbrazili Aristides Leão alikiona kitu hicho katika ubongo wa wanyama: wimbi linalozisisimua chembe za ubongo kisha kuzizimisha kwa muda. Mwaka 2001 watafiti waliliona wimbi la namna hiyo kwa mashine za picha katika ubongo wa binadamu. Mmoja wa waliopimwa alikuwa mtu ambaye hali ile humjia akicheza mpira wa kikapu.

Basi ule mwanga unaometameta ni ukingo wa mbele wa wimbi, ambapo chembe zimewaka. Lile pengo ni nyuma ya wimbi, ambapo zimezima kwa muda. Wimbi likishapita, chembe huamka tena na macho hurudi. Kwa kawaida safari hiyo huchukua kati ya dakika 5 na 60. Maumivu yanayofuata, kama hayakutibiwa, yanaweza kudumu saa 4 hadi siku tatu. Wapo wanaopata mwanga bila maumivu, na wengi zaidi hupata maumivu bila mwanga. Wenye vituko vya macho hukadiriwa kuwa theluthi moja hivi ya wagonjwa.

Wala haya si maradhi ya matajiri au ya Wazungu. Duniani kote walionayo ni zaidi ya bilioni 1, na wanawake ni mara mbili hadi tatu ya wanaume. Watafiti waliopita nyumba kwa nyumba vijijini karibu na Haydom, kaskazini mwa Tanzania, waliwakuta wagonjwa wa kipandauso miongoni mwa wakulima na wafugaji.

Sumu ya mezani

Baada ya yaliyonipata nilianza kusikia ya wengine. Linalonisumbua hadi leo ni la wafanyabiashara wawili wa Kimironko, wote waliorejea kutoka Tanzania kama mimi. Kwa miaka mingi walikuwa wakichanga mtaji mmoja, wakivuka Rusumo kwenda kuleta mchele wa Kahama na vitenge.

Safari moja walisafiri usiku kucha bila kula. Jua la saa sita likawakuta Benako, wakaagiza wali wakala sahani moja. Haikupita saa moja mmoja wao akaanza kuona taa machoni, vidole vya mkono vikafanya ganzi, ganzi ikapanda hadi mdomoni, ulimi ukawa mzito. Kisha kichwa kikampasuka na akatapika.

Kwetu mtu akitapika baada ya kula na mwenzake, hukumu huwa imeshatoka. Nyumbani walisema ametiliwa sumu. Mganga alimtapisha tena na tena ili sumu itoke, na malipo yake yakala sehemu kubwa ya mtaji. Mwenzake alipokuja kumjulia hali alifungiwa mlango.

Hali ile ilimrudia mara mbili zaidi, safari hizo akiwa amekula peke yake. Ndipo alipokubali kwenda hospitali, akapimwa na kuambiwa ni kipandauso. Ganzi ya mkono na mdomo, na ulimi kuwa mzito, navyo huweza kuletwa na wimbi lile lile likishatoka kisogoni na kusonga mbele. Kutapika ni sehemu ya ugonjwa, si ushahidi wa sumu. Kukosa usingizi, njaa, kiu, jua kali na uchovu wa barabara ni vichochezi vinavyojulikana, na katika safari ile vyote vilikuwepo kabla ya sahani ya wali kufika mezani.

Wanawake hao siku hizi wanasalimiana. Mtaji hawajauchanga tena.

Lini ukimbie hospitali

Haya yote yasimfanye msomaji adharau. Dalili zinazofanana na hizi zinaweza kuwa za jambo kubwa zaidi. Tofauti kubwa iko kwenye mwendo. Kipandauso huja polepole, hupanuka kwa dakika kadhaa, kisha huondoka. Kiharusi hupiga kwa mara moja: uso unapinda upande, mkono unaanguka ukiunyanyua, maneno hayatoki. Hapo usisubiri uone kama itapita. Nchini Rwanda piga 912, namba ya gari la wagonjwa, na eleza saa dalili zilipoanza.

Kimbia hospitali vile vile iwapo maumivu yamelipuka kwa kishindo na kufikia kilele chake ndani ya dakika moja. Iwapo kuna homa na shingo imekakamaa. Iwapo ni jicho moja tu lililozima. Iwapo kuna degedege au kuchanganyikiwa. Iwapo mgonjwa ni mjamzito au amepigwa kichwani. Au iwapo vituko vimepita saa moja bila kuondoka. Na mtu yeyote anayepatwa kwa mara ya kwanza, hasa akiwa ameshavuka miaka 40, apimwe siku hiyo hiyo hata kama amepata nafuu. Kwa wenye kadi ya Mutuelle, njia ya kawaida huanzia kituo cha afya, ambako hutolewa barua ya rufaa.

Dawa na barabara

Kwa shambulio la kawaida, dawa za kutuliza maumivu kama parasetamoli, aspirini au ibuprofeni husaidia zikinywewa mapema, maumivu yanapoanza tu. Wenye vidonda vya tumbo na wajawazito wasiguse aspirini wala ibuprofeni bila kumwuliza daktari. Ipo pia sumatriptani, dawa mahsusi ya kipandauso, ambayo mwaka 2021 iliingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hiyo huandikwa na daktari baada ya kuangalia moyo na shinikizo la damu. Wanaoshambuliwa mara kwa mara hupewa dawa za kuzuia, kama propranololi au amitriptilini.

Tahadhari moja ni kwa sisi tunaonunua vidonge kwa ukanda kwenye maduka ya mpakani na kuvitembeza kwenye mkoba. Anayemeza dawa za kutuliza maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, au siku 10 kwa zile za mchanganyiko, anaweza kuzalisha maumivu mapya yanayosababishwa na dawa zenyewe. Kina mama wenye vituko vya macho wamweleze mhudumu wa uzazi wa mpango kabla ya kuanza vidonge. Vile vyenye homoni ya estrojeni huongeza hatari ya kiharusi kwao, na zipo njia nyingine zilizo salama.

Dereva naye asijipe ushujaa. Anayetoka Tanzania akivuka Rusumo huacha kuendesha upande wa kushoto na kushika wa kulia, na nusu ya barabara ikiwa haionekani hapo ni pa kuua watu. Mwanga ukianza, egesha gari. Mwenye pikipiki ashuke. Tafuta kivuli, kunywa maji, meza dawa uliyoandikiwa, na usiondoke hadi macho yawe safi na kichwa kimetulia.

Mwisho, nunua daftari dogo. Andika tarehe, saa ulipoanza kuona mwanga, ulidumu dakika ngapi, usiku uliotangulia ulilala saa ngapi, ulikula nini na saa ngapi. Daftari hilo litamsaidia daktari kuliko maelezo ya kukumbuka-kumbuka. Nalo litakuonyesha, kabla hujamtaja jirani, kwamba uliyekula naye hakukutilia kitu.