Istilahi za Tiba ya Mfereji wa Nyongo Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Neno tumbo limebeba mizigo mingi katika lugha yetu. Kwalo twataja sehemu ya mwili iliyo kati ya kifua na nyonga, na kwalo hilo hilo twataja mfuko upokeao chakula. Katika mazungumzo ya kila siku jambo hili halimdhuru mtu. Lakini mgonjwa amwambiapo daktari kwamba “alipunguzwa tumbo”, huenda aliondolewa mafuta na ngozi ya nje. Huenda mfuko wake wa chakula ulikatwa ukabaki mwembamba kama mrija. Au huenda njia ya chakula yenyewe iligeuzwa. Tofauti hizo zaweza kuamua namna atakavyotibiwa akipatwa na maradhi ya nyongo. Katika makala haya tutaeleza dhana zinazohusika na kupendekeza istilahi zake.

Nyongo hutengenezwa na ini, huhifadhiwa katika mfuko wa nyongo, kisha huteremka kwa mfereji wa nyongo hadi katika duodeni, yaani sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba. Mtu apunguapo uzito upesi, kolesteroli huzidi katika nyongo, na mfuko wa nyongo hujikamua kwa uvivu. Hivyo vijiwe hufanyika. Kijiwe kikiziba mfereji, mgonjwa hupata maumivu na macho hugeuka manjano. Uambukizo ukiingia, waweza kumwua. Hali hii twapendekeza iitwe manjano ya nyongo. Safura haifai, kwani ingawa asili yake ya Kiarabu yahusu nyongo na rangi ya manjano, kwetu limekuwa jina la maradhi ya minyoo. Homa ya manjano nayo ni ugonjwa mwingine, unaoenezwa na mbu.

Endoskopu ni mpira mwembamba wenye taa na jicho la kuonea. Mwaka 1968 ilitangazwa huko Marekani kwamba chombo hicho kimeweza kupitishwa kinywani hadi katika duodeni, na dawa ya kuonekana kwa eksirei ikatiwa katika tundu la mfereji. Mwaka 1974, Ujerumani Magharibi na Japani, waganga walieleza jinsi ya kukata kwa njia hiyo msuli ubanao tundu, ili vijiwe vitolewe pasipo kupasua. Hii ndiyo tiba ya endoskopu ya mfereji wa nyongo.

Sasa tuutazame upasuaji wenyewe. Daktari hubakiza kijifuko cha juu chenye ujazo wa mililita 30 hivi, sawa na vijiko viwili vya mezani, na kukiunganisha na utumbo mwembamba mbele zaidi. Mfuko wa chakula uliosalia, pamoja na duodeni, huachwa kando. Utumbo hupata umbo la herufi Y: tawi la chakula na tawi la nyongo hukutana chini, na kuwa njia ya pamoja. Je, upasuaji huu tuuiteje? Mchepuo wanafunzi wamekwisha kuutwaa kwa masomo yao, na mchepuko mitaani una maana ambayo daktari hapendi kuitamka mbele ya mgonjwa. Twapendekeza mchepusho, kutokana na kitenzi chepusha, kwa kuwa njia haikujichepua yenyewe, bali imechepushwa.

Aliyefanyiwa mchepusho, endoskopu ya kawaida haimfai, maana safari ni ndefu mno: kushuka tawi la chakula, kisha kupanda tawi la nyongo. Njia zitumikazo ni tatu. Ya kwanza ni endoskopu ndefu yenye puto, ijivutayo ndani ya utumbo. Ya pili ni kutoboa tundu dogo ukutani mwa fumbatio na kuingizia endoskopu katika mfuko ulioachwa. Ya tatu, iliyoanza katika miaka ya 2010, ni kuunganisha kijifuko na mfuko ulioachwa kwa kizibuo cha madini, na kupitia humo. Aliyepunguzwa mfuko ukawa kama mrija hahitaji hata moja kati ya hizo, kwani njia yake haikugeuzwa.

Kwa hiyo twashauri kwamba tumbo liachiwe umma. Daktari aandike fumbatio kwa sehemu ya mwili na mfuko wa chakula kwa kiungo. Naye mgonjwa apewe karatasi yenye neno mchepusho na mwaka aliopasuliwa, ili siku ya maumivu asilazimike kueleza kwa neno moja lenye maana tatu.